Hana Malalamiko

Herufi ngumu kuliko zote ni S. Muulize fundi nguo yeyote. L unaikata mara mbili kwa mkasi imekwisha, T nayo haina maneno, lakini S inajikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na ukiikosea kidogo tu inageuka nane. Bi Bobini alikuwa ameshakata S kumi na moja kutoka kwenye mabaki ya sare za shule, na sasa alikuwa anaishikiza ya kumi na mbili kwa sindano ya mkono. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, wa kushoto juu ya mto, naye amekaa hivyo kama malkia aliyepinduliwa.

Ufalme wake ulikuwa pale dirishani, hatua tatu kutoka alipokaa. Cherehani cha miguu, cheusi, kimefunikwa shuka kama mtu aliyelala. Alikuwa amekikanyaga miaka thelathini na minane. Jina la Bi Bobini alipewa kwa ajili yake, maana kama bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, alikuwa mfupi, wa mviringo, na hakujua kutulia. Majirani walisema siku akiacha kuzunguka mtaa mzima utakosa uzi. Watoto wa shule tatu walivaa sketi na kaptula zake, na wazazi wao kabla yao walivaa.

Lakini ilikuwa sasa miezi minne miguu inavimba. Asubuhi ilikuwa miguu. Adhuhuri ilikuwa magogo. Alasiri hakuna kiatu kilichoingia, na akijaribu kukanyaga cherehani vifundo viliwaka kama vimefungwa kamba. Jumamosi ya wiki iliyofuata mpwa wake, mwenye duka la ushonaji kule ng'ambo ya barabara kuu, angekuja na mkokoteni kukichukua kile cherehani moja kwa moja. Binti yake alikuwa ameshapanga naye.

"Umeshona ya kutosha, mama," binti alikuwa amemwambia. "Pumzika sasa. Daktari mwenyewe kasema uache."

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na ukitaka kumwona Bi Bobini akicheka mpaka macho yapotee, msifie bintiye. Alifanya kazi zahanati. Hakuwa nesi wala daktari. Kazi yake ilikuwa kuwaelimisha wagonjwa asubuhi wanapongoja huduma, kunawa mikono, kumeza dawa kwa wakati, na hasa haki zao, jambo alilolipenda kama watu wanavyopenda mpira. Watu walimwita Mwalimu wa Benchi. Alizijua haki za mgonjwa kama mtoto anavyojua majina ya wajomba zake, na akizitaja sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa kuwa alikuwa anaamini kila neno.

Shida ilikuwa ukuta. Ukuta wa sehemu ya kungojea ulikuwa na unyevu, na kila karatasi ya haki aliyoibandika ilikunjamana, ikadondoka, ikaishia kufungiwa maandazi. Ndipo alipopata wazo.

"Mama, nishonee bango la kitambaa. Herufi kubwa kubwa. Kitambaa hakibanduki."

"Kwa miguu hii?"

"Kwa mkono, mama. Taratibu. Itakuliwaza."

Basi Bi Bobini alikuwa wiki ya tatu anashona haki. Na kushona si kusoma. Anayesoma neno hulipita kama mtu anayempita jirani barabarani, habari, nzuri, kwaheri. Anayelishona analala nalo. Mstari wa kwanza, wa kuheshimiwa, aliumaliza kwa siku nne. Ule wa kutunziwa siri ulimchosha. Sasa alikuwa kwenye wa sita, alioandikiwa na bintiye kwa penseli: UNA HAKI YA KUSIKILIZWA WEWE MWENYEWE.

W nne na E tano katika maneno mawili ya mwisho peke yake. Ukishona neno WEWE tangu asubuhi hadi alasiri, mwisho unageuka kutazama nyuma uone ni nani anayeambiwa. Bi Bobini aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na cherehani tu.

Jioni binti aliporudi, akamwamkia, akavua viatu, mama alimwonyesha ule mstari.

"Huyu WEWE ni nani?"

"Mgonjwa, mama."

"Mgonjwa yupi?"

"Yeyote yule. Fundi Saa wa pale posta, mimi, jirani, yeyote anayeingia pale mlangoni."

"Na mimi?"

Binti alicheka, akambusu kipajini. "Aa, mama nawe! Wewe una mimi."

Alisema kwa upendo mtupu, na ndiyo maana neno lenyewe lilimchoma mama bila kuacha damu. Maana ni kweli alikuwa naye. Tangu alipoambiwa ana presha, miezi sita nyuma, hajaenda zahanati peke yake hata mara moja. Bintiye alimshika mkono, alimpitisha mizani, alimbebea daftari la kliniki kwenye mkoba wake lisipotee. Na chumbani kwa tabibu mambo yalikuwa hivi: kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa ubavuni mwa meza, cha mgonjwa. Cha pili kilikuwa karibu na mlango, cha msindikizaji. Siku ya kwanza binti alikaa kile cha mezani kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaongea, na mama akakaa cha mlangoni kwa sababu ndicho kilichobaki. Ikawa desturi. Tabibu aliuliza, binti akajibu. Analala vizuri? Analala. Anakula? Anakula, chumvi tumepunguza. Ana malalamiko yoyote? Hana, daktari, mama yangu si mtu wa kulalamika. Na Bi Bobini pale mlangoni alitikisa kichwa na kutabasamu, akitazama kalenda ya mwaka jana iliyotundikwa ukutani.

"Nipe daftari langu nilitazame," alisema sasa.

"La kliniki? La nini?"

"Nilitazame tu. Lina jina langu."

Binti alilitoa mkobani, akampa, akaenda jikoni akiimba. Bi Bobini alivaa miwani ya kutungia uzi. Mwandiko wa tabibu ulikuwa wa haraka lakini ulisomeka. Ziara ya kwanza: presha iko juu, aanze vidonge. Ya pili: anaendelea vizuri, hana malalamiko. Ya tatu: hana malalamiko. Ya nne: hana malalamiko. Ya tano hivyo hivyo, kama mhuri. Ya sita: miguu inavimba kwa sababu ya kukanyaga cherehani, ashauriwe kuacha.

Alilifunga. S ya kumi na mbili ilibaki ikining'inia kwenye uzi.

Miaka thelathini na minane alikanyaga, na miguu haikuvimba. Ilivimba mwezi wa pili wa vidonge. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo mtu mwingine hakulijua. Mwezi uliopita zahanati iliishiwa vidonge vile kwa siku tisa, na ndiyo ilikuwa wiki ambayo bintiye alikwenda semina, semina yenyewe ya haki za wagonjwa. Katika siku zile tisa miguu ilinywea. Siku ya sita aliviona vifundo vyake, akavisalimia kama wageni waliotoka safari. Alikanyaga sketi tatu bila kupumzika. Kisha vidonge vikapatikana, binti akarudi, na magogo yakarudi.

Alifikiria kuviacha kimyakimya. Wengi huviacha; unavitupa chooni na hakuna anayekuuliza. Lakini baba yake mzazi alianguka kwa presha akiwa anafunga kamba ya kiatu, na hilo hakutaka bintiye alione. Alifikiria pia kumwambia bintiye waziwazi. Lakini mtoto wa watu anajulikana mtaa mzima kwa haki za wagonjwa, umwambie kwamba mgonjwa wa kwanza kunyimwa yuko nyumbani kwake? Huko ni kumvua mtu nguo, na kazi ya fundi nguo ni kuvisha.

Daftari hakulirudisha. Alilitia kwenye kikapu cha nyuzi, chini kabisa.

*

Alhamisi ndiyo siku ya watu wa presha. Saa mbili asubuhi benchi refu la zahanati lilikuwa limeshajaa, na bango lilikuwa limeshatundikwa juu yake kwa misumari minne, mistari saba ya rangi za sare, buluu, kijani, damu ya mzee. Watu walisimama kulitazama kwa vichwa vilivyoinama upande, kama wanaangalia picha ya harusi.

"Hizi herufi ni kaptula ya mwanangu," alisema mama mmoja. "Naijua buluu hii."

"Basi mwanao ana haki," alimjibu Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee mwembamba aliyetengeneza saa kwenye kibanda mbele ya posta, naye kwa miaka yote aliyokuja zahanati hakuacha kumwambia kila mtu wamechelewa kwa dakika ngapi. Kiti chake kilikuwa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa tabibu. Bi Bobini alikaa pembeni yake, ndala miguuni, kikapu mapajani.

Binti alisimama mbele yao. Aling'aa. Alianza kama alivyoanza kila siku, kwa kuuliza na kujibiwa.

"Haki ya mgonjwa ni zawadi?"

"Si zawadi!" benchi liliitikia.

"Ni hisani ya nesi?"

"Si hisani!"

"Basi leo hatutazikariri, tutazisoma. Mama yangu amezishona hizi kwa mkono wake, wiki tatu." Watu wakapiga makofi. "Nani atatusomea mstari wa sita?"

Watu walitazama viatu vyao. Bi Bobini alijikuta amesimama.

"Nitausoma mimi. Naujua mpaka upande wa nyuma."

Akasoma, polepole, akiangalia si bango bali watu. "Una haki ya kusikilizwa wewe mwenyewe."

"Hiyo ungeishona kubwa zaidi, Bi Bobini," alisema Fundi Saa, "mke wangu aione kutoka nyumbani."

Benchi zima lilicheka, na binti alicheka zaidi yao wote, na katika kicheko hicho nesi alichungulia mlangoni akaita namba tatu. Namba tatu ilikuwa ya Bi Bobini. Binti aliinua mkoba wake haraka, akaufungua, akapekua. Akapekua tena.

"Daftari, mama. Daftari silioni."

"Ninalo." Bi Bobini alilichomoa chini ya nyuzi. Kisha, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mtoto avue shati apimwe mabega, alisema, "Wewe ningoje hapa, mwanangu. Nitaingia mwenyewe."

Kicheko kilikatika kama uzi. Binti alisimama mkono ukiwa bado mkobani.

"Lakini mama, mimi ndiye ninayejua dawa zako."

"Dawa unazijua. Miguu huijui."

Mtu alikohoa. Uso wa binti ulianza kubadilika, na Bi Bobini aliuona, na moyo wake ulimwambia rudi, mwambie ni utani, mshike mkono kama siku zote. Fundi Saa ndiye aliyewaokoa, bila kujua au kwa kujua, kwa mzee yule huwezi kusema.

"Wahenga walisema," alitamka, "adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Maiti mwenyewe!" Bi Bobini alimgeukia. "Mimi naingia kwa miguu yangu miwili, iwe magogo isiwe magogo. Wewe endelea kuhesabu dakika zako."

Benchi liliangua kicheko, na safari hii lilisogea pia. Mama wa kaptula ya buluu alipiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa, Mwalimu. Benchi halijang'ata mtu."

Na Mwalimu wa Benchi, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliketi juu ya benchi.

*

Tabibu alikuwa kijana mwenye moyo mwema na haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni. Aliandika kabla hujaketi. Aliposikia mlango alisema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, karibu, mama anaendeleaje?" Alipoinua kichwa akamwona mama.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Yuko nje. Leo mimi nimekuja na mimi."

Bi Bobini alikitazama kile kiti cha mlangoni, akakipita, akaketi kwenye cha mezani. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani, na chenye joto, maana jua la dirishani lilikipiga. Kutoka pale kalenda ya mwaka jana haikuonekana kabisa. Ulionekana uso wa tabibu, na daftari, na kalamu.

"Haya, bibi. Tuna malalamiko yoyote?" Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Ndiyo."

Kalamu ilisimama.

"Usiandike kwanza, mwanangu. Nisikilize, kisha uandike. Nimeshona mstari huo siku tatu, nataka kuona kama unafanya kazi."

Tabibu alitabasamu kwa kutojua afanye nini kingine, akaiweka kalamu chini. Bi Bobini akamweleza. Alieleza kama anavyoeleza nguo, kutoka kwenye upindo kwenda juu, bila kuruka mshono. Mwaka gani alianza kukanyaga. Mwezi gani alianza vidonge. Wiki gani viatu viligoma. Zile siku tisa, vifundo vilivyorudi, sketi tatu. Alisema hata lile la kufikiria kuvitupa chooni, ingawa sauti ilishuka hapo. Mwisho akasema, "Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja kuchukua cherehani changu kwa sababu ya mstari mmoja ulioandika humu. Kama mstari ni wa kweli, wakichukue. Lakini nataka tuhakikishe, mimi na wewe."

Maziwa ya tabibu, kama yalikuwapo, yaliachwa yachemke. Aliinuka, akapiga magoti sakafuni, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Alimuuliza kama akilala chali pumzi inambana, kama mkojo umepungua, kama uso unavimba asubuhi. Majibu yalikuwa hapana, hapana, na hapana. Alimtuma kwa nesi kupima mkojo, na karatasi ya kipimo ikarudi safi. Ndipo alipovuta droo, akatoa kitabu kinene cha dawa chenye jalada lililofungwa kwa gundi ya karatasi, akasoma ukurasa mmoja, akaurudia.

"Imo humu," alisema polepole. "Vidonge hivi huwavimbisha watu wengine vifundo. Naijua habari hii, bibi. Niliisoma chuoni. Nilipoambiwa cherehani, nikaandika cherehani." Alifuta miwani kwa koti. "Sikukuuliza wewe. Nisamehe."

"Uliuliza. Ila uliuliza kiti kingine."

Alicheka, na baada ya kucheka hawakuwa tena tabibu na bibi wa mlangoni, walikuwa watu wawili wenye kazi moja mezani. Alimweleza kwamba presha yake yenyewe ilikuwa imetulia, kwamba dawa asiache, ila wangeweza kuibadilisha. Kulikuwa na njia tatu. Kupunguza nguvu ya kile kile, lakini presha inaweza kupanda tena. Kuna kingine kinachomkojoza mtu mara kwa mara. Kuna cha tatu kizuri, ila baadhi ya watu kinawaletea kikohozi kikavu. Na hicho kina hatari yake pia, midomo au ulimi ukivimba aje mbio, asingoje Alhamisi.

"Kwa hiyo nachagua?"

"Tunachagua. Lakini mwili ni wako."

Bi Bobini alijikuta amekunja uso kama wateja wake walivyokunja mbele ya majora ya vitambaa. Hakuwahi kujua kwamba na upande huu wa meza mtu huchagua. Cha kukojoza alikikataa, maana choo kiko ua wa nyuma na mteja akija na sketi ya dharura hangojei. Aliuliza kikohozi kinaanza lini, kama kinaisha ukiacha, kama kidonge kinamezwa na chakula. Tabibu alijibu kila moja, na moja hakuwa na hakika nalo, akarudi kitabuni.

"Nipe hicho cha kikohozi. Nikikohoa nitakuja kukuambia."

"Wiki mbili zijazo uje hata usipokohoa, tupime presha na damu. Na ukizidiwa kabla, usingoje."

Akashika kalamu, akaandika. Bi Bobini alisogeza shingo.

"Umeandika nini?"

Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tabibu yule, ungeona kwa jinsi alivyolitazama daftari, kama limezungumza lenyewe. Kisha akaligeuza upande wake, akasoma kwa kidole. "Mgonjwa anasema miguu ilianza kuvimba mwezi wa pili wa dawa. Mgonjwa anasema ilinywea dawa zilipokosekana."

"Mgonjwa anasema," alirudia Bi Bobini. Maneno mawili tu, na S moja. Alitaka kuyashona.

*

Nje, binti alikuwa amekaa kati ya mama wa kaptula na Fundi Saa, mkoba umemkalia mapajani, uso wa mtoto aliyesahauliwa shuleni. Alisimama mara moja.

"Kasema nini?"

Midomo ilikuwa imeshaanza kuuliza la pili. Aliifunga mwenyewe. Walitoka hadi kwenye ngazi za mbele, na pale Bi Bobini akamweleza yote, na jinsi alivyoendelea kueleza ndivyo binti alivyozidi kukaa chini, mpaka akawa amekaa kabisa kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia. Nilikuambia miguu inawaka, ukasema ni cherehani hicho. Ukaenda ukamwambia daktari, daktari akaandika, ukarudi ukaniambia daktari kasema. Maneno yako, mwanangu, yalikwenda zahanati yakarudi yamevaa koti jeupe."

Binti alitaka kulia, lakini koti jeupe lilimshinda. Alicheka na kulia pamoja, akijifuta kwa mkono wa blauzi.

"Kila asubuhi nawaimbia watu. Kila asubuhi!"

"Kinyozi hajinyoi."

"Nimekunyamazisha miezi sita."

"Umenibeba miezi sita," Bi Bobini alimrekebisha, akaketi kwa shida pembeni yake. "Ulinibeba vizuri. Ila anayebebwa haonekani miguu. Sasa nishushe."

Walikaa pale kitambo, mabega yamegusana. Kutoka ndani walimsikia Fundi Saa akimwambia nesi kwamba namba nne imecheleweshwa dakika ishirini na sita, lakini leo hadai.

*

Kikohozi hakikuja. Siku ya nne soksi hazikuacha alama. Alhamisi iliyofuata binti alirudi na habari kwamba tabibu amekitoa kiti cha mlangoni, kiko barazani, na kinaingizwa pale tu mgonjwa anaposema anataka msindikizaji. Naye asubuhi hiyo alikuwa ameliambia benchi, mbele ya bango, kisa cha binti mmoja aliyekalia kiti cha mama yake. Hakutaja jina, na hakukuwa na aliyekosa kulijua.

"Walikucheka?"

"Sana. Halafu mama wa kaptula akamwambia mumewe aende akanunue gazeti, yeye ataingia peke yake."

Jumamosi Bi Bobini aliamka mapema, akavaa viatu vya kufunga. Viliingia. Alivifunga, akavifungua, akavifunga tena kwa raha yake tu. Alikuwa bado anavishangaa aliposikia magurudumu ya mkokoteni uani. Mpwa wake aliingia, mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni na kamba ya kufungia mzigo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Aliitazama ile shuka pale dirishani, akaona aibu kidogo, na kama watu wote kwa miezi ile alimgeukia binti. "Sasa dada, nikichukue hivi hivi, au ana maneno?"

Binti alifungua mdomo. Bi Bobini aliliona jibu likiwa tayari juu ya ulimi, zuri, la upendo, limekamilika. Aliona pia lilivyomezwa.

"Muulize mwenyewe," alisema binti. "Si huyo hapo?"

Mpwa alimgeukia shangazi yake. Na Bi Bobini, ambaye kwa siku nane alikuwa ametunga hotuba, hakukumbuka hata neno moja la hotuba hiyo. Alikwenda dirishani, akaivuta shuka, akaketi, akaweka miguu yote miwili mahali pake. Gurudumu lilizunguka. Alisikiliza vifundo vyake. Vilikuwa kimya.

"Vua hilo shati, limefumuka kwapani," alimwambia mpwa wake. "Fundi mzima unatembea hivyo, utanikosesha wateja."

"Na mkokoteni, shangazi? Nimeuazima toka kwa watu."

"Hautarudi mtupu." Aliashiria kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imeshashika shati. "Pakia kile kigoda na ule mto. Mimi sina kazi navyo."